Punda wa Nyuma

Cheti cha mama kina mstari mmoja tu wa sababu.
Karani aliandika kiharusi, akapuliza wino, akaita mwingine.
Mimi ndimi nipimaye presha za watu wa Mkomani,
nijuaye mkono wa nani hauenei ukanda mdogo,
nikatoka pale nikiisoma ile karatasi kama risiti
ya duka lililonipunja.

Maana mama alikuwa nao watatu.
Unene, tangu aliponizaa mimi.
Sukari, mwaka ule Lali alipooa.
Na presha, ambayo hakuiita presha:
“Kitwa chanigonga,” alisema, “kama kwamba muna fundi ndani.”

Daktari Bwanaheri alikuja na masanduku ya barafu,
akataka damu, vijiko viwili kwa mtu, nyumba mia nne.
Nikamchukulia. Siku moja, tukingoja jenereta iwake, akaniambia:
“Kabla mtoto hajajua mahamri ni nini
ameshapewa fungu lake tumboni.
Hakuchagua, hakuhonga, hakuomba nyongeza.
Ukimuuliza mtu amekula nini, atakudanganya;
fungu halidanganyi hivyo.
Waliopewa herufi za unene, tuwatazame:
wakianguka kiharusi kuliko ndugu zao,
basi unene una kesi ya kujibu.”

Nikamkumbuka Somoe, dada yangu, tumbo moja, sinia moja,
mwembamba kama uzi wa kufumia kofia,
nami nipitaye mlangoni ubavu.
Sikumhonga mtu.

“Lakini,” nikasema, “herufi moja haina mikono miwili?
Ikinenepesha huku, haichezei sukari kule?”
Akacheka. “Ndiyo maana hatumhoji mmoja mmoja.
Twawaita wote watatu, siku moja, chumba kimoja.”

Hapo wakapita punda, watatu, wamebeba mchanga,
katika kichochoro kisichotosha wawili wenye heshima zao.
Wa mbele akalikumba beseni la Bi Khadi;
viazi, nazi, bizari, vyote ukutani.
Bi Khadi akamtukana wa mbele, na mama yake wa mbele.
Mimi nilikuwa dirishani, niliona:
wa mbele alisukumwa na wa kati,
wa kati alisukumwa na wa nyuma,
naye wa nyuma alitazama kando, kama mgeni.

Nani kamwaga?
Ukimfunga wa mbele asisogee hata unyayo,
wa nyuma hana hatia,
nguvu zake zote zaishia matakoni mwa wenziwe.
Ukiwaacha waende wanavyokwenda, wa nyuma ndiye.
Majibu mawili, na yote ni kweli.
Lililobadilika ni swali.

“Basi usije ukaandika,” akasema Bwanaheri,
“kwamba unene hauna neno
eti kwa kuwa ukishaishika presha, wenyewe wanyamaza.
Umenyamaza kwa sababu umeshatuma mjumbe.”

Tena kuna nyumba ambamo unene na sukari
huenda sako kwa bako, hata fungu lao ni moja,
na hapo hesabu yake hupanuka kama mchuuzi
aulizwaye bei asiyotaka kuitaja:
labda bure, labda dhahabu,
labda rudi kesho na watu zaidi.

Nikamuuliza la mwisho, lililokuwa langu.
Lau ningesimama juu ya mama kila asubuhi
mpaka kidonge kishuke kooni,
nisimwamini aliposema amemeza?

Akafunga sanduku. Akalifungua tena, akatazama barafu.
“Fungu ni la maisha mazima,” akasema.
“Kidonge cha mama kilianza akiwa na sitini na mbili.
Na hesabu yangu ni ya watu wengi.
Mtu mmoja, asubuhi moja, haimjui.”

Jana nimempima Lali.
Mia na sitini na nne, kwa mia.
“Ni halwa?” akauliza. “Ni mama? Ni hili tumbo?”
Nikaandika namba.
Nikamwambia akunje na mkono wa pili.